Je, Wajua? Pakruok, Ulumbi wa Kulipia

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hukutana na neno ulumbi kwenye fasihi simulizi: uhodari wa kuzungumza mbele ya watu kwa ufasaha na mvuto. Mwenye kipawa hicho ni mlumbi, wanaomsikiliza ni hadhira. Mhutubu si lazima awe mlumbi. Wengine hawainui hata macho kwenye karatasi waliyoandikiwa.

Waluo, wenyeji wa Sori na fuo nyingine za Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori, wana ulumbi unaolipiwa. Huitwa pakruok, yaani kujisifu. Nyatiti, ala ya nyuzi 8, ikishakolea, mtu huinuka, humtuza mpigaji, na muziki hukatwa papo hapo. Uwanja ni wake sasa. Atajigamba kwa majina ya sifa na mafumbo, ataje kwao, awapambe mashemeji na marafiki, huku hadhira ikishangilia. Akimaliza, nyuzi zinalia tena, mpaka mwingine atoe chake naye aseme. Ukilipia kusema, hubwabwaji.

Kwenye siasa, ulumbi huweza kuwa mfupi zaidi. Mwanasiasa Raila Odinga alihitaji maneno mawili tu kumuunga mkono Mwai Kibaki awanie urais, pale Uhuru Park, Nairobi, tarehe 14 Oktoba 2002: “Kibaki tosha!” Mwalimu wa sarufi angedai “anatosha”, lakini wananchi waliyadaka vilevile yalivyo, wakayaimba hadi uchaguzi wa Desemba mwaka huo, na Kibaki akashinda.