Kuihakiki Programu ya Uigaji: Mfano wa Malaria katika Nyanda za Juu za Kisii

Neno uigaji katika makala haya lina maana ya kuufuatisha mwendo wa jambo la kimaumbile kwa hesabu ndani ya kompyuta, ili tupate kukisia litakavyokuwa kabla halijatokea. Programu ya mishahara ikikosea, mfanyakazi huligundua kosa mwisho wa mwezi. Lakini mwanasayansi huiga jambo kwa sababu hana jibu mkononi. Programu yake ikikosea, atajuaje?

Tutwae mfano wa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii. Katika nyanda hizi baridi huchelewesha malaria, na kwa kuwa kinga ya watu ni haba, ugonjwa ukizuka huja kwa kishindo. Kwa kanuni iliyotokana na kazi ya T. S. Detinova ya mwaka 1962, siku za kukomaa kwa kimelea cha falsiparamu ndani ya mbu hupatikana kwa kuondoa 16 katika halijoto, kisha kugawa 111 kwa baki hilo. Katika nyuzi 18 za Sentigredi ni siku 55 na nusu. Katika nyuzi 20, siku 28 hivi.

Sasa tuseme mtunzi wa programu amehifadhi halijoto kwa namba nzima tu. Nyuzi 18.9 zitakatwa ziwe 18, na siku 38 zitageuka 55 na ushei. Kompyuta haitalalamika, lakini onyo litachelewa kwa siku 17 hivi, na zahanati itaagiza dawa wagonjwa wakiwa mlangoni. Tena, halijoto ikiwa 16 kamili, programu itajaribu kugawa kwa sifuri.

Kinga yake ni mambo matatu. Kwanza, programu igawanywe katika vipande vidogo, na kila kipande kijaribiwe kwa hesabu ya mkono kama hizo za hapo juu. Pili, kila badiliko liandikwe pamoja na tarehe na sababu yake, kisha majaribio yote yarudiwe. Tatu, programu iwekwe wazi ili wengine waikague. Mwaka 2020 programu ya Imperial College, London, iliyoiga kuenea kwa UVIKO-19, ililaumiwa kwa uhaba wa majaribio. Baada ya kutolewa hadharani, Stephen Eglen wa Cambridge aliweza kuyapata upya matokeo yake makuu.

Hata hivyo, majaribio hayo huonyesha tu kwamba programu inaifuata kanuni. Kama kanuni yenyewe inawafaa mbu wa Kiogoro, hilo hujibiwa kwa vipimo vilivyochukuliwa Kiogoro kwenyewe.