Nyumba za kale Bagamoyo zinataka watu

Mtaa wa India, Bagamoyo, una nyumba zilizopakwa chokaa upya, mlango wa nakshi unang'aa kwa mafuta, na barazani wageni wanakunywa chai. Una pia nyumba ambazo dari imeporomoka, mti umeotea chumbani na mizizi yake inapasua ukuta wa matumbawe. Zote zilisimamishwa na biashara ile ile ya karne ya 19: pembe za ndovu, sandarusi na, tusifiche, watumwa.

Misafara ya kutoka Ujiji kupitia Tabora iliishia hapa, baada ya wapagazi kutembea zaidi ya kilomita 1,000. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi wakajenga. Wenye ghorofa waliweka duka na ghala chini, familia ikakaa juu. Mmoja wao, Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewauzia wasafiri bidhaa na kuwatafutia wapagazi, alitoa jengo lake la ghorofa liwe shule ya watoto wa rangi zote. Mwaka 1891 watawala wa Kijerumani wakahamisha makao makuu yao kutoka hapa kwenda Dar es Salaam, na fedha zikawafuata.

Leo baadhi ya nyumba hizo zimefufuka kwa kupokea wageni. Firefly ni nyumba ya wageni ndani ya jengo la mfanyabiashara wa zamani kwenye mtaa huu huu. Wapo wanaonung'unika kwamba urithi wetu unageuzwa vitanda vya watalii. Mimi nasema afadhali kitanda kuliko kifusi, mradi kazi ifanywe sawasawa.

Na kazi yenyewe si rahisi. Ingia chumba chochote cha nyumba hizi utazame juu: boriti za mikoko zimepangwa ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo, yakamwagiwa maji, kisha yakaachwa yaive. Fundi mwenye haraka hupiga lipu ya saruji. Saruji hainyonyi wala haipumui. Unyevu na chumvi ya bahari hunasa ndani ya ukuta, na baada ya masika chache lipu inabanduka na jiwe linaondoka nayo. Nyumba iliyokarabatiwa hivyo imeuawa polepole.

Kama kuna anayedhani nyumba itajilinda yenyewe, aende Kaole, kilomita chache kusini. Huko walikaa wafanyabiashara tangu karne ya 13. Yaliyobaki ni magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo. Nyumba za watu walioyajenga zimepotea. Hata jumba kubwa halina dhamana: sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba nyingi za Bagamoyo ni za baada ya hapo, kwa hiyo usalama wao unategemea tangazo la serikali na usimamizi wa kweli. Juu ya hayo kuna mirathi: nyumba moja, warithi wengi, kila mmoja mji wake, na hakuna anayetaka kununua hata boriti moja.

Wenye nyumba, kodisheni kwa mkataba mrefu, msiuze; mpangaji akarabati, nyumba ibaki ya ukoo. Wenye hoteli, ajirini vijana wa Bagamoyo, na si kwa kubeba mizigo tu. Na serikali isimamie kila ukarabati, iwaweke vijana hao chini ya mafundi wa chokaa waliobaki, sasa, kabla wazee hao hawajaondoka na ujuzi wao.