Honi ya Kikonyo cha Mpapai

Mtoto wa Korogwe au Handeni akitaka honi haendi dukani. Huvunja jani la mpapai, akatenga kikonyo chake chenye uwazi ndani, akaacha ile ncha iliyoziba upande wa jani na kuipasua kwa wembe mara moja, kwa urefu. Kisha huitia kinywani na kuvimbisha mashavu. Kuku wa jirani hutawanyika. Utomvu wa mpapai ni mchungu, lakini nani anajali?

Kinacholia hapo si filimbi. Filimbi hulia pumzi inapogonga ukingo wa tundu. Kikonyo hulia kwa kuwa kingo za ule mpasuko hufunguka na kujifunga mamia ya mara kwa sekunde, zikiikatakata pumzi. Kwa hiyo ni ndugu wa zumari, ambayo ulimi wake huikata pumzi vivyo hivyo.

Ukoo huo ni mkongwe. Miaka ya 1920, mwanaakiolojia Leonard Woolley alifukua makaburi ya Uru, Iraki, mji ambao wengi huutambua kuwa ndio Uru ya Biblia, alikotokea Ibrahimu. Humo yalipatikana mabomba membamba ya fedha yenye umri wa miaka 4,500 hivi, ambayo sasa yamo katika Makumbusho ya Penn, Philadelphia. Wagiriki nao walikuwa na aulosi, mabomba mawili yaliyopulizwa kwa mdomo mmoja. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alieleza kwa kirefu namna matete ya ziwani yalivyovunwa ili kuchonga ndimi zake. Binamu za matete hayo huota kando ya mto Pangani, unaopita Korogwe.

Kikonyo cha sentimita 25 kimeziba upande wa mdomoni, kwa hiyo wimbi lake la sauti huwa na urefu mara nne ya kikonyo, takriban mita moja: mitetemo kama 340 kwa sekunde. Filimbi ya urefu huohuo, iliyo wazi ncha zote mbili, hulia oktava moja juu. Watoto hawapigi hesabu hiyo, ila wanajua kwamba kikonyo kirefu hunguruma na kifupi hulia kama mwanambuzi.

Ndugu yake, zumari ya pwani, hupanuka kuelekea chini kama faneli, na ulimi wake hutengenezwa kwa jani la jamii ya mnazi. Mpigaji huvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, hivyo sauti haikatiki.

Fedha ya Uru imedumu, ndimi za mabomba yake zimeoza. Kikonyo cha asubuhi nacho, ikifika jioni, kimenyauka na kingo zake zimelegea. Mtoto hurudi mpapaini kukata kingine.