Herufi moja, namba mbili: kwa nini kompyuta haimtambui muuzaji wa China

Mzigo wa misumari, kufuli na bawaba kutoka China hushushwa bandari ya Dar es Salaam, hupakiwa kwenye lori, huvuka mpaka wa Kabanga na Kobero, na mwisho huingia kwenye maghala ya Zone Industrielle mjini Bujumbura. Nyaraka zake hupita njia nyingine: ni faili za PDF zinazokuja kwa barua pepe, zikiwa na jina la muuzaji kwa herufi za Kichina. Hapo ndipo karani anaweza kukwama. Analinakili jina kutoka kwenye ankara, analitafuta katika orodha ya wauzaji, na kompyuta inajibu kuwa halipo, ingawa yeye analiona kwa macho.

Chanzo kimojawapo ni shina la herufi, ambalo Wachina huliita bushou. Herufi 钢 (chuma cha pua), 铜 (shaba) na 钉 (msumari) zote zina upande wa kushoto mchoro uleule, ambao ni shina la metali. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ilipanga herufi zaidi ya 47,000 chini ya mashina 214.

Kompyuta haiungi herufi kutokana na mashina. Katika Unicode, mfumo wa namba za maandishi unaotumika duniani kote, kila herufi nzima ina namba yake: 钢 ni 94A2, 铜 ni 94DC, 钉 ni 9489. Hata hivyo, watunga kamusi walihitaji kuandika shina lenyewe kama kichwa cha fungu. Kwa hiyo Unicode toleo la 3.0, lililotoka mwaka 1999, liliyapa mashina 214 namba za pekee, kuanzia 2F00 hadi 2FD5.

Tatizo ni kwamba mashina mengi pia ni maneno ya kawaida. Metali kama neno ni 金, namba 91D1. Kama shina ni ⾦, namba 2FA6. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili.

PDF ndiyo huchanganya mambo. Fonti nyingi hutumia mchoro mmoja kwa namba zote mbili, na programu inapotafuta namba ya mchoro huo huweza kuchukua ile ya shina. Neno 五金, yaani vifaa vya chuma, limo katika majina ya viwanda na maduka mengi ya China. Likinakiliwa na 2FA6 ndani yake, huwa neno jingine.

Hasara yake si ndogo. Kampuni moja huingia mara mbili katika hesabu, ankara huku na malipo kule, na deni lililokwisha kulipwa huonekana bado lipo. Wakati karani anatafuta kosa, mzigo unasubiri nyaraka na gharama za kusubiri zinapanda.

Kukagua ni rahisi. Katika Word ya Windows, weka kasa mara baada ya herufi, bonyeza Alt na X, na namba itatokea. Ikianza na 2F, futa na uandike upya kwa kibodi ya Kichina. Mtaalamu wa programu anaweza kusafisha orodha nzima kwa kanuni iitwayo NFKC. Aidha, yapo mashina ya ziada, kuanzia 2E80, ambayo karibu yote hayaguswi na kanuni hiyo. Mfano ni shina la gari, ⻋ (2ECB), badala ya neno 车 (8F66). Hayo yanahitaji jedwali lake.

Njia ya uhakika zaidi ni kutotegemea jina peke yake. Tangu mwaka 2015 kampuni za China hupewa namba ya usajili yenye nafasi 18, za tarakimu na herufi za Kilatini. Mwombe muuzaji aiandike kwenye kila ankara, na orodha ipangwe kwa namba hiyo.