Mwenye Lori Moja Hana Budi Kuwa Fundi

Wapo askari wenzetu wengi ambao, siku ya kustaafu inapokaribia, huanza kuliwaza lori. Nyumba imekwisha kujengwa, watoto wamefika sekondari, na akiba iliyosalia inatafutiwa kazi. Miongoni mwa wale waliokwenda Somalia tangu Desemba 2007 katika majeshi ya Umoja wa Afrika ya kulinda amani, wapo waliorejea na fedha kidogo wakazitia katika magurudumu. Baadhi yao leo wanakula jasho lao kwa raha. Wengine lori limewafia uani, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Tofauti baina ya hawa na wale haikuletwa na bahati. Tulikwenda Rumonge kuitafuta.

Mji wa Rumonge uko kiasi cha kilometa 75 kusini ya Bujumbura, katika Barabara ya Taifa Namba 3 inayoandamana na ufuko wa Ziwa Tanganyika mpaka Nyanza-Lac. Msafiri akiondoka Bujumbura hupita kwanza Mugere, penye jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya Novemba 25, 1871. Siku hizo mizigo ya ufuko huu ilikwenda kwa mitumbwi au juu ya vichwa vya wapagazi. Leo inakwenda kwa lori: mafuta ya mawese, ndagala wakavu, na mihogo kuelekea Bujumbura, saruji, chumvi na kreti za vinywaji kurudi kusini.

Tuliyemwendea ni sajini mstaafu aliyeendesha malori ya jeshi kwa miaka mingi. Anamiliki lori moja tu, Mitsubishi Fuso la tani saba lenye tairi sita. Hana kampuni wala gereji. Ana sanduku la spana, jeki mbili, daftari, na utingo mmoja ambaye ni mpwa wake. Aliomba tusimtaje jina, nasi tumeliheshimu ombi lake.

Tulimkuta amelala chini ya lori, kivulini mwa mwembe, miguu tu ikionekana. "Karibuni, afande," sauti ilitoka huko chini. "Mwezi umejaa, leo hatusafiri."

Tulidhani mzee anatania. Kumbe alikuwa anatueleza msingi wa kazi yake. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki waje juu. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mizigo ya samaki hupungua, na wenye malori hukaa vijiweni wakilalamika. Yeye halalamiki. Siku hizo amezifanya siku za matengenezo: hufungua magurudumu, hutia grisi mpya, hubadili oili na machujio, na hukaza kila nati. Giza likirudi, lori liko tayari. Hivyo hajalazimika kulisimamisha siku ambayo kazi ipo kwa sababu ya jambo ambalo lingefanywa siku ambayo kazi haipo.

Mengine hufanywa kila siku, nayo ni yale yale tuliyofundishwa jeshini: ukaguzi kabla ya safari, wakati wa safari, na baada ya safari. Alfajiri hutazama oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni na tairi. Kijiti cha kupimia oili akikikuta na utelezi mweupe mfano wa maziwa, hajaribu hata kuwasha injini, kwani maji yameingia katika oili. Akipumzika njiani huzunguka lori na kukaribisha mgongo wa mkono kwenye kila gurudumu. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki yake inang'ang'ania au beringi inalia. Jioni hufungua vizibo vya matangi ya upepo wa breki ili maji yaliyojikusanya yatoke. Moshi nao humsemesha: mweusi humwambia injini haipati hewa ya kutosha au inalishwa dizeli kupita kiasi, wa bluu, inaunguza oili, mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto, dizeli haiungui sawasawa au maji yamepenya ndani.

Hapa hatuna budi kuungama jambo. Tulipokuwa maafisa wapya, tumetoka chuoni si zamani, tulikabidhiwa msafara wa malori uliobeba chakula cha kikosi. Dereva alituletea daftari la ukaguzi, nasi tukatia sahihi pasipo kuinua hata kifuniko cha injini. Katikati ya mlima mkanda wa feni ulikatika, maji yakachemka, na gasketi ikaungua. Mkanda ule ulikuwa umepasuka siku nyingi, na mtoto mdogo angeweza kuuona. Kikosi kilikula chakula cha mchana saa tatu ya usiku. Hakuna aliyetulaumu, maana daftari lilikuwa na sahihi zote. Tangu siku hiyo twaelewa kwamba sahihi haikazi nati.

Ziwa lenyewe limehifadhi mfano bora wa jambo hili. Mwaka 1915 Wajerumani walishusha majini, huko Kigoma, meli ya Graf von Götzen iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipande vipande. Julai 1916, walipoona hawawezi kuihami, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, wakakuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikahudumia ziwa kwa miongo mingi. Wale mafundi walikuwa wanashindwa vita, na hawakuwa na hakika ya kuiona tena meli ile. Hata hivyo waliipaka grisi. Basi sisi, ambao lori letu tutalihitaji kesho asubuhi, tuna udhuru gani?

Mzee wetu alitutahadharisha tusidhani kwamba kujitengenezea ni kugusa kila kitu. Hutoa upepo katika mfumo wa dizeli yeye mwenyewe: hulegeza skurubu iliyo juu ya chujio, hupampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha hukaza. Kazi hii imekuwa muhimu hasa tangu mwaka 2021, kwa kuwa nchi imepita vipindi vya uhaba mkubwa wa mafuta, na tangi likikaribia kukauka huvuta hewa na tope la chini. Hubadili lainingi za breki, springi, beringi na bushi. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda yakafika bandarini Rumonge na katika nyumba za ufukweni, kila lori lililopita majini alilishauri lifunguliwe magurudumu, kwa sababu maji hufukuza grisi na beringi hufa kimya kimya. Lakini pampu ya dizeli haifungui, na usukani uliopinda hauchomelei. Hivyo huvipeleka kwa mafundi wa Buyenzi, Bujumbura, wenye vipimo vyake. "Fundi," alisema, "ni yule anayejua spana yake inaishia wapi."

Tulimwuliza kama kanuni hizi zimewahi kumgharimu. Alinyamaza kidogo, akajifuta mikono.

Msimu mmoja alipata mteja mkubwa wa mawese. Pipa la lita 200 la mawese lina uzito wa kilo 180 hivi, na pipa lenyewe karibu kilo 20. Kwa hiyo lori la tani saba hubeba mapipa 35. Mteja alitaka apakie 42, yaani tani nane na kilo 400, tena asubuhi ile ile, kupanda Bururi. Mzee alipozunguka lori aliona mchirizi mweusi ndani ya gurudumu la nyuma la kushoto. Sili ya habu ilikuwa inavuja, na oili imelowesha lainingi. Breki ya upande mmoja haikuwapo. Kwenda Bururi ni kupanda zaidi ya meta 900 kutoka ziwani, na kila kilichopanda kitashuka. Alimwambia mteja asubiri mpaka kesho, na mapipa yawe 35. Mteja alipiga simu, likaja lori jingine, mapipa yote 42 yakapakiwa mbele ya macho yake.

"Na lile lori lilianguka?" tuliuliza.

"Halikuanguka," alijibu. "Lilifika salama. Na mteja hajarudi kwangu mpaka leo."

Jibu hilo tulilibeba njia nzima. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba lori lile lilitumbukia korongoni na mzee akaonekana mwenye hekima. Lakini mambo hayaendi hivyo kila mara. Mzembe hufika salama mara nyingi, na ndiyo sababu uzembe una wafuasi. Mwenye lori moja hawezi kujipima kwa safari moja. Mwenye malori kumi likianguka moja atabaki na tisa, ilhali mwenye moja atabaki na deni, tena kama si deni la damu. Mzee alitazama lori lake, akasema, "Mteja nilimpoteza. Lori ninalo, na huyu mpwa wangu ninaye."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mzee ni la shule, la mtoto wa darasa la pili, lakini hesabu yake ni ya mtu mzima. Fedha ya kila safari huigawa katika makopo matatu: la mafuta, la tairi na vipuri, na la nyumbani. Tuseme tairi sita zinadumu kilometa 40,000. Kwenda Bujumbura na kurudi ni kilometa 150, basi hizo ni safari 266. Kila safari imekula sehemu moja katika 266 ya bei ya tairi zote, na sehemu hiyo lazima iingie katika kopo la pili siku hiyo hiyo, hata kama nyumbani kuna harusi. Wengi waliofilisika walikuwa na kazi ya kutosha. Walikula tairi zao mezani, pamoja na wali, wakadhani ni faida. Kadhalika safari huhesabiwa kwa kwenda na kurudi: lori linalorudi tupu nalo limekula dizeli, na limefanya nusu ya kazi.

Tungependa kumaliza kwa neno kwa ndugu zetu wa polisi, na kwa askari wote wanaosimama katika vizuizi vya barabara ile. Tunapolisimamisha lori, tuna haki na wajibu wa kutazama tairi zake, breki zake na uzito wa mzigo. Tukikuta kasoro, tulizuie bila huruma, awe mwenyewe ni raia au ni afande wetu wa zamani. Lakini fedha inayotoka mkononi mwa dereva pasipo stakabadhi haitoki katika faida yake. Hutoka katika kopo la pili. Ni lainingi isiyonunuliwa, na lori lisilo na lainingi litateremka katika barabara hiyo hiyo saa ambayo watoto wetu wanatoka shule.

Tulipoaga, jua lilikuwa linatua upande wa milima ya Kongo. Mzee alikwisha kurudi chini ya lori, na mpwa wake alikuwa akimpa spana moja baada ya nyingine, akizitaja namba zake: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na mbili. Mwezi ulikuwa umeanza kuchomoza. Zilikuwa zimesalia siku chache kabla ya giza kurudi, na gurudumu moja lilikuwa bado halijafunguliwa.