Pujini ni Kijiji, Si Magofu Matupu

Atokaye Chake Chake kuelekea kusini-mashariki hufika Pujini baada ya mwendo mfupi, akipita minazi, mikarafuu na mabonde ya mpunga. Wageni hupelekwa huko kutazama magofu, wakishayatazama huondoka. Kijiji na watu wake hawaulizwi neno. Hapo ndipo tunapoona kasoro.

Boma la Pujini lajulikana kuwa ni la karne ya 15, kabla Wareno hawajaingia katika mwambao huu mwaka 1498. Eneo lake ni kiasi cha hekta moja na nusu, nalo limezungukwa na tuta la udongo na kuta za mawe, jambo lililo nadra katika miji ya Waswahili ya zama zile. Chini ya ardhi mna chumba ambacho ukutani mwake imefinyangwa kwa chokaa sura ya siwa, lile baragumu la enzi. Mtawala aliyeiweka siwa yake gizani bila shaka alikuwa na mengi ya kuyahofia.

Mtawala huyo ni Mkame Ndume, ambaye sote tuliozaliwa Pemba tulitishwa kwa jina lake utotoni. Jina lenyewe ni mashtaka: mwenye kuwakama wanaume. Wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu kusogeza mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Husimulia pia kwamba kisima chake alikigawa kwa ukuta, mke mmoja ateke kwa ndoo na kamba, mwenzake ashuke kwa ngazi, ili wasionane. (Yaelekea hata amani ya nyumbani aliijenga kwa jasho la wengine.) Yawezekana masimulizi yametiwa chumvi, lakini mawe yale hayakujibeba.

Basi kwa nini kila asimuliaye Pujini humtaja mjengewa, asiwataje wajenzi? Tunaziomba ofisi zinazohusika na mambo ya kale ziwasikilize wazee wa kijiji na kuyaandika maneno yao, na vijana wa hapo hapo wafunzwe kuwaongoza wageni. Nasi wananchi tusithubutu kuchukua hata jiwe moja la kujengea msingi. Kila masika mvua hulila tuta, mizizi hupasua kuta, na wanaokijua kisa cha kisima kwa ukamilifu wanazidi kupungua.