Ukitaka Kujenga Mjini, Shika Karatasi Kabla ya Kushika Jiwe

Bwana Mkulima, na wewe Mama mwenye shamba, mwezi huu hatusemi juu ya mbolea wala ng'ombe wa maziwa. Twataka kusema juu ya nyumba. Maana wengi wenu, mahindi yakiisha kuuzwa na deni la mbegu kulipwa, huzitia fedha zilizobaki katika vyumba vya kupangisha mjini. Ni jambo jema. Lakini fedha nyingi za mahindi zimezikwa katika misingi ambayo haikupata kuinuka, kwa kukosa kibali cha kujenga.

Mimi ni karani wa kilimo, si wa mipango ya mji. Hata hivyo watu huja mezani pangu kwanza, kwa kuwa ndiyo meza waijuayo. Siku moja alinijia mzee mwenye robo eka ukingoni mwa Eldoret, ameshika barua ya kusimamishwa kazi. Alikuwa amechimba msingi wa vyumba sita, akamwaga zege, akapanga mistari minne ya mawe. Ndipo mkaguzi wa kaunti alipofika na rangi nyekundu, akatia alama ya X ukutani. Mzee yule si mkaidi. Aliniuliza, "Mwalimu," (wazee huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu) "shamba ni la marehemu baba, na hati ninayo. Niombe ruhusa kwa nani kujenga kwangu?"

Swali lake ni la wengi. Hati yaonyesha ardhi ni ya nani; haisemi kwamba waweza kufanya juu yake kila utakalo. Eldoret yenyewe ilianza juu ya shamba, Shamba Nambari 64, ndiyo sababu wenyeji waliuita mji Sisibo. Tangu tarehe 15 Agosti 2024 ni jiji, na mashamba ya kando yazidi kukatwa ploti. Lakini shamba haligeuki ploti kwa kuwa jirani amejenga gorofa. Katika daftari laweza kuwa bado limeandikwa la kilimo.

Kwa hiyo usianze kwa fundi. Anza kwa msajili wa ardhi, upate karatasi ya kuthibitisha kwamba jina lililoandikwa ni lako na kwamba hakuna deni wala zuio. Kama jina ni la marehemu, maliza kwanza mambo ya urithi. Kama ni ardhi ya kilimo nawe wataka kuikata, yakupasa kupata idhini ya Bodi ya Ardhi. Kisha uombe kaunti ibadili matumizi, kutoka kilimo kuwa makao au biashara. Tangazo litatolewa ili majirani wapate kusema neno lao, basi ni vizuri uwe umekwisha kuongea nao.

Hapo ndipo waweza kumwendea mchoraji. Awe msanifu wa majengo aliyesajiliwa, na awepo mhandisi aliyesajiliwa wa kupima nguvu ya msingi na nguzo. Usinunue plani iliyochorwa kwa ajili ya ploti ya mtu mwingine. Nimeziona zikiuzwa kama nguo za mitumba, na jina la mwenye nyumba ya kwanza limefutwa vibaya. Plani hupelekwa kwa kaunti pamoja na hati na risiti za kodi ya ardhi. Lipa kwa akaunti ya kaunti tu, upewe risiti. Atakayekuambia umtumie fedha kwa simu yake mwenyewe, mwache aende zake. Kibali kikitoka, ujenzi wenyewe nao wapaswa kuandikishwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi.

Weka nakala ya maombi yenye muhuri na tarehe. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yasema kwamba siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Asiye na tarehe atahesabu nini? Hata hivyo, mimi ningeandika barua ya kukumbusha kabla ya kumwita fundi. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya kaunti ya mambo hayo. Na ukijenga bila kibali, sheria hiyo hiyo yataja faini isiyozidi Sh. 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na waweza kuamriwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya kwanza kwa muda wa siku 90.

Wengine husema haya ni masumbuko ya serikali tu. Sikatai kwamba safari ni nyingi na viatu huisha. Lakini mwezi wa Aprili 2016 jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua, likaua watu zaidi ya 40. Wengi wao walikuwa wapangaji, watu wasiojua lolote juu ya msingi.

Yule mzee nilimwelekeza kwa maafisa wa mipango, akaanza upya kwa utaratibu. Mhandisi alipochimba kando ya ukuta wake aliukuta msingi haukufika hata magoti, tena umekaa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Mzee aliyaondoa mawe yeye mwenyewe pamoja na wanawe, wakayapanga kando ya ua yapate kutumika tena. Zege halikuokolewa. Safari hii walichimba mpaka wakafikia udongo mgumu, na mkaguzi akashuka shimoni kuukanyaga kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa.